Nani Aonje Kwanza

Mimi ni mtu wa kelele, sifichi. Mume wangu husema laiti ningezaliwa mwanamume, ningekuwa mpiga mnada. Basi ukisikia jambo lililowahi kunifunga mdomo, ujue halikuwa dogo. Lilitokea Kabeza, hapa Kigali, Desemba ya mwaka 1994, na lilianzia kwenye sufuria ya maharage. Ukitaka kucheka, cheka tu, hata mimi siku nyingine nacheka.

Tulikuwa tumefika Agosti mwaka huohuo, juu ya lori, kutoka Karagwe. Mimi na mume wangu tulizaliwa hukohuko Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, maana wazazi wetu walikimbia Rwanda wakiwa vijana. Kwa hiyo nchi yetu tuliijua kwa hadithi tu. Baba yangu alikuwa akiieleza mpaka unasikia harufu ya nyasi zake. Sasa vita na mauaji yalikuwa yamekwisha, watu wakasema rudini kwenu, nasi tukafunga vyombo, tukawapakia watoto wetu wawili, tukaenda kwetu tusikokujua.

Kigali tuliyoikuta sina haja ya kuieleza sana. Nyumba nyingi zilikuwa wazi, milango inapigwapigwa na upepo. Watu waliotutangulia walituambia, chagueni nyumba, ingieni. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa msimamo mpaka anakera, aliingia katika nyumba moja akakuta sahani za wenyewe bado ziko mezani. Akatoka. Akasema, “Hapa hatulali.” Nilimpa vipande vyake siku hiyo! Nilimwambia watoto hawalali juu ya msimamo. Lakini hakurudi nyuma, tukalala kwenye baraza la duka lililofungwa, karibu na barabara ya uwanja wa ndege.

Hapo ndipo Bibi alipotukuta asubuhi. Alikuwa mama mzee mwembamba, kajitanda ushungi, anatembea kama anayemfukuza mtu. Akatusimamia, akatutazama sisi na matandiko yetu.

“Nyie ni watu ama ni mizigo?” akauliza.

“Ni watu, Bibi,” mume wangu akajibu.

“Basi watu hawalali barazani. Njooni. Nyumba yangu iko kubwa na mimi niko mmoja.”

Ni hivyo tu. Hakuuliza kabila, hakuuliza dini, hakutaja kodi. Alitaka kitu kimoja, kwamba niwe napika jikoni kwake kila siku, kwa sababu nyumba isiyotoka moshi, alisema, inawatisha majirani. Mpaka leo nikisali namtaja yeye kabla ya ndugu zangu wa damu, na Mungu anajua kwa nini.

Bibi alikuwa Mwislamu wa hapahapa Kigali. Babu yake mzaa baba alikuja na misafara ya biashara kutoka Tabora, akaoa Mnyarwanda, asirudi tena. Bibi na mumewe walikuwa mafundi cherehani, duka lao liko Nyamirambo, na nyumba ya Kabeza waliijenga polepole kwa miaka mingi. Mumewe na wanawe wawili hawakuuvuka mwezi wa Aprili. Hilo alituambia mara moja, akiwa amesimama, akatuomba tusimuulize tena. Hatukumuuliza.

Kuna ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi maisha yangu yote niliichukulia kama mzaha wa kumtania mgeni. Bibi alikuwa haitanii. Siku ya tatu aliniamsha, akanipa jembe kweli, akanionyesha ua wote wa mbele ambako zamani kulikuwa na maua.

“Lima,” akasema. “Mvua ikinyesha tunapanda maharage.”

“Bibi, hata mvua yenyewe haina dalili!”

“Weye lima. Mvua haitakungoja ufunge kilemba.”

Nikalima, nanung'unika, naye analima pembeni yangu, wala hanung'uniki. Tulipopumzika ndipo akaniambia lile neno lililonikaa moyoni kama mwiba tangu siku hiyo.

“Nalima na nyie,” alisema, “lakini kula mtakula wenyewe. Yakiiva mimi nitakuwa njiani kwenda Tabora.”

Alikuwa na binamu zake huko, watu aliowahi kuwaona mara moja tu akiwa msichana. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeleta bidhaa kutoka Tanzania, naye alikuwa amemwahidi kwamba safari ya mwisho kabla mwaka haujageuka atampitia. Bibi alikuwa ameshafunga furushi lake. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, na cherehani juu yake imefunikwa shuka.

Fikiria kioja hicho! Sisi tumetoka Tanzania kuja kwetu, yeye anatoka kwake kwenda Tanzania. Kila jioni alinihoji juu ya Tabora. Kuna joto? Maembe yapo? Watu wake wanasalimiana vizuri? Mimi Tabora sijawahi kufika, lakini nilimjibu kama mwenyeji. Nilimwambia kuna joto la kuua na vumbi la kufa mtu. Nilitaka abaki, ndiyo maana. Lakini mtu aliyepoteza watu wote nyumbani kwake utamwambia abaki kwa sababu gani? Kwa sababu ya moshi wangu wa jikoni? Sikuwa na haki hiyo, na nilijua kwamba sina.

Mvua ikaja mwisho wa Septemba, kwa kishindo. Wakati wa kupanda tulikuwa tumeshapata majirani. Ng'ambo ya ua wa minyaa, uliokuwa umevunjwa katikati, iliingia familia kutoka Kampala, nao Wanyarwanda kama sisi ila wamekulia Uganda. Mke alikuwa nesi, mnene, mcheshi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mume alikuwa karani wizarani, kila siku tai shingoni. Tukakubaliana kulima pamoja, mashamba mawili yawe moja, mavuno tugawane.

Siku ya kupanda nilitoa kamba. Shuleni Karagwe tulifundishwa kupanda kwa mistari. Nesi akanitazama ninavyovuta kamba, akashika kiuno.

“Weee, hii maharage wewe nataka itembee gwaride?”

“Ndiyo kupanda kwenyewe,” nikasema.

“Kwetu sisi natupa tu. Mungu iko na macho, ataona.”

Tukapanda nusu kwa kamba, nusu kwa macho ya Mungu. Zote ziliota sawa, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha.

Jumapili mchana, kazi ikiisha, tulikaa kwenye baraza la Bibi, na hapo ndipo mazungumzo ya sikukuu yalipoanza. Sijui nani alianza. Nadhani ni watoto wangu, waliouliza Saba Saba ya Rwanda ni lini. Basi nikafunguka. Niliwasimulia Saba Saba kwetu, sikukuu ya wakulima, jinsi watu walivyoleta kwenye maonyesho mihogo mirefu kama mtoto, maboga ya kubebwa na watu wawili, mafahali waliosuguliwa mafuta. Niliwasimulia Tisa Desemba, sikukuu ya uhuru, ambapo wanafunzi tulicheza halaiki uwanjani. Mwaka mmoja mimi nilikuwa sehemu ya herufi moja. Tulilala chini tukatengeneza neno, na kutoka jukwaani likasomeka. Sisi tuliolala tuliona mawingu tu, lakini nilijisikia nimeibeba nchi nzima, na hata haikuwa nchi yangu!

Nesi naye akaja na Oktoba Tisa ya Uganda. Ndizi za matoke zilizofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke tangu alfajiri, kuku wa mchuzi wa karanga, bendi ya polisi, watoto wa shule wamesimama juani mpaka wawili watatu wanaanguka kwa kizunguzungu. “Kila mwaka mimi naanguka,” alisema kwa fahari. “Halafu napewa soda.”

Tukamgeukia Bibi. Yeye ndiye pekee aliyekuwa amesherehekea sikukuu za Rwanda ndani ya Rwanda.

“Julai Mosi?” akasema. “Mimi niliijua kwa mgongo.” Akaeleza kwamba wiki zote kabla ya sikukuu ya uhuru yeye na mumewe walikuwa wanashona, sketi za vikundi vya ngoma, vitambaa vya rangi vya kupamba barabara, sare za watu wa gwaride. Asubuhi ya sikukuu yenyewe, wateja wakishachukua nguo zao, wao walifunga duka na kulala. Vita ilipoanza mpakani mwaka 1990 kazi ikapungua, mgongo ukapona kidogo. “Gwaride sijaliona hata siku moja,” alisema. “Lakini kila aliyepita, nilikuwa nimemvika mimi.”

Tulicheka. Kisha karani akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

“Na sisi sasa? Sikukuu yetu ni ipi?”

Hatukuwa nayo. Kwa sababu huko ugenini Julai Mosi haikuwa sikukuu kwetu. Wazazi wetu walikuwa wamefukuzwa na vurugu za miaka hiyohiyo ya uhuru. Baba yangu siku hiyo alikuwa hawashi hata redio. Tulikuwa tumerudi kwetu, tuna nchi, tuna mvua, tuna shamba la maharage yaliyochipua, na hatukuwa na siku hata moja ya kuvaa nguo mpya.

Tisa Desemba ilipofika nilishindwa kuvumilia, nikapika pilau. Mume wangu akarudi kutoka shuleni, akanusa kutoka nje.

“Leo kuna nini?”

“Uhuru wa Tanganyika.”

“Mama watoto! Uko nchini kwako sasa!”

“Niko nchini kwangu, na uhuru wa watu nausherehekea. Walinilisha, walinisomesha. Wewe hutaki, usile.”

Alikula sahani mbili. Nesi alipopita akakuta nasugua sufuria, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakiri kwamba Oktoba alipika matoke kwa siri, mumewe akala akiwa amefunga mlango asionekane. Tukawa tumejuana. Siku hiyohiyo, tukiwa bado tunacheka, nikamwona Bibi ameinama shambani anabonyeza maganda.

“Yamejaa,” akasema. “Mnaweza kuanza kula yangali mabichi.”

Moyo ukanilipuka pande mbili. Maharage yetu ya kwanza kwenye ardhi yetu! Na maharage yakiiva, Bibi anaondoka.

Ndipo nikakumbuka umuganura. Hiyo ndiyo sikukuu pekee ambayo wazazi wetu waliibeba kichwani wakavuka nayo mpaka, sikukuu ya kuonja mavuno mapya. Kwa asili ni ya mtama, lakini sisi mtama hatukuwa nao shambani, tulikuwa na maharage, na Mungu si mchoyo wa kuchagua. Kwenye makazi yetu Karagwe mwiko ulikuwa mmoja tu. Hakuna mtoto aliyegusa chakula kipya kabla mkubwa hajaonja. Na kwa vile wakimbizi wengi walikuwa wametengana na wazazi wao, kila safu ya nyumba ilimchagua mzee mmoja, akaonja kwa niaba ya wote, na mpaka mavuno mengine huyo ndiye mzazi wa safu. Ndiye anayeamua ugomvi, ndiye anayewapa watoto majina. Kwangu mimi ilikuwa kama kumchagua mwenyekiti. Nilikua nikidhani ndivyo Wanyarwanda wote wanavyofanya tangu enzi.

Kila mtu akalikubali wazo. Tukaweka Jumapili. Ugomvi ukawa nani aonje kwanza. Mume wangu alikohoa. Karani naye akakohoa, akanyoosha tai. Kumbe walizaliwa mwaka mmoja! Wakaanza kubishana juu ya miezi, watu wazima na shahada zao, mmoja akidai amezaliwa wakati wa kupanda, mwingine wakati wa kuvuna.

“Nyinyi bishaneni, sisi tunakula,” nesi akasema.

“Wala msibishane,” nikasema mimi. “Mkubwa wa ua huu yuko, ni Bibi.”

Hakuna aliyepinga. Wala hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Jumapili nikapika tangu asubuhi. Nesi alileta unga wa mtama, tukasonga umutsima, ule ugali mwekundu wa mtama, mgumu, unaonata. Maharage mabichi niliyachemsha na kitunguu na bilinganya, basi, sikutia makeke mengine. Tukatandika mikeka barazani. Watoto walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta wanang'aa. Baada ya adhuhuri nikachukua sahani kubwa, nikaweka umutsima mzima na bakuli la maharage, nikapeleka kwa Bibi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua nyuzi. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili, kama nilivyoona mama yangu akifanya kila mwaka.

Bibi aliiangalia sahani. Kisha akaniangalia mimi.

“Weye unajua unachokifanya?”

“Najua, Bibi. Tunaganura leo. Onja kwanza, sisi tufuate.”

“Nani amekutuma kwangu?”

“Hakuna aliyenituma. Wewe ndiye mkubwa.”

Akasimama. Nyuzi zikamwagika. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile.

“Hapa kwetu hawampelekei mkubwa yeyote,” akasema. “Mtoto ndiye anayempelekea mzazi wake. Si mpangaji, si jirani. Mtoto! Hata sisi Waislamu wa mjini, tusiolima. Mwaka jana mwanangu mkubwa alinunua maharage mapya sokoni Gatsata, akapika mwenyewe, yakaungua. Akapiga magoti palepale ulipopiga wewe. Inuka hapo! Usinipigie magoti!”

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Nilibaki nimepiga magoti na sahani mikononi. Mimi, mwenye maneno ya kuuza na kugawa bure, sikuwa na hata moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe nilichokuja nacho mimi kama heshima ya mwenyekiti, yeye alikiona ni madai. Nilikuwa nimemwambia, mbele ya watu, kwamba mimi ni mwanawe. Na wanawe walikuwa na miezi minane tu ardhini.

Mume wangu akaja, akanipokea sahani, akanivuta mkono nikainuka. Tukarudi mkekani. Chakula kikawekwa katikati, moshi unatoka. Tukakaa tukakitazama.

“Sasa tule,” karani akasema taratibu. “Mzee wa watu tumemuudhi, tutamwomba radhi. Lakini chakula ni chakula.”

“Nionje mimi, tumalize,” mume wangu akasema.

Hapo ulimi wangu ukarudi. “Hakuna mkono utakaoingia humo!” nikasema. “Hakuna! Mkono wa kwanza nitaupiga na mwiko.”

Walidhani ni ukaidi, na ukaidi ulikuwapo, sikatai. Lakini baba yangu alitufundisha kitu kingine juu ya siku hiyo. Ukishamwomba mtu aonje, humruki. Ukimruka ukampa mwingine, umemwambia kwamba kwako yeye ni maiti. Nikawaambia hivyo, kwa sauti ya chini. Nikawaambia Bibi amezikwa vya kutosha na watu wengine, sisi hatutamzika. Mume wangu akauondoa mkono wake. Nesi akaanza kulia, huku akiwapangusa watoto wake kamasi.

Basi tukangoja. Sufuria ikaacha kutoa moshi. Umutsima ukashika ngozi juu. Watoto mwanzoni walicheza, kisha wakachoka, kisha wakaanza kuuliza. Mwanangu mdogo akauliza kwa nini tunakitazama chakula. Nikamwambia anyamaze. Akalia, na mtoto wa nesi naye akamfuata, na hakuna kitu kinachoambukiza kama kilio cha njaa. Nilimpa kila mmoja ndizi mbivu, zikaisha, kilio kikaendelea.

Nikaenda mlangoni kwa Bibi. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno mazuri. Yaliyonitoka ni haya.

“Bibi, chakula kinapoa.”

Akajibu kutoka ndani, “Kuleni.”

“Hatuli.”

“Mnangoja nini?”

“Wewe.”

“Na nisipotoka?”

“Tutalala na njaa.”

“Laleni basi.”

“Haya, Bibi. Tutalala.”

Nikarudi mkekani, nikakaa. Moyoni nilikuwa na hofu, siyo ya njaa. Niliona wazi kwamba nimemharakishia safari. Sasa hata lori likichelewa angeondoka kwa miguu ili asituone. Mwanamke aliyenitoa barazani, mimi nimemfungia chumbani kwake mwenyewe! Nilimwomba Mungu anirudishie ile saa ya adhuhuri, nisipige magoti, nikae zangu jikoni.

Alasiri ikaingia. Tukasikia maji yanamwagika ndani, anatawadha. Tukamsikia anasali, sauti ndogo. Mlango ukafunguka.

Alikuwa amebadilisha ushungi. Hakututazama usoni. Alikuja moja kwa moja mkekani kama anayekuja kukoromea watu, na kweli akatukoromea.

“Watoto wanalia mpaka barabarani wanasikia! Majirani watasema nawanyima chakula!”

“Ndiyo, Bibi,” nikasema.

“Mkaidi weye. Nani alikulea?”

“Baba yangu, Bibi. Amezikwa Karagwe.”

Akakaa. Nesi akamletea maji, akanawa. Akasema bismillahi, akachovya kipande cha umutsima kwenye maharage, akakiweka mdomoni. Alitafuna polepole mno.

“Chumvi haikukolea,” akasema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akaivuta sahani karibu, akaanza kumega. Alimega upesi, kwa mkono uliozoea, bila kufikiri. Kipande kimoja kikubwa, cha mwanamume. Viwili sawasawa. Akaviweka ukingoni mwa sahani, kila kimoja mahali pake. Akanyoosha mkono kuchukua cha nne, mkono ukasimama.

Tuliona alichokiona. Mume wangu akainamisha kichwa.

Bibi alikaa na vile vipande vitatu mbele yake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akainua macho akatupitia mmoja mmoja, mimi, mume wangu, wanetu, nesi, karani, wana wao, midomo yake inahesabu. Akakichukua kile kipande kikubwa akakimega tena. Akavimega na vile viwili. Akaendelea kumega, vidogo zaidi na zaidi, mpaka vikatosha wote. Akaanza na mimi.

“Shika,” akasema.

Nikashika kwa mikono miwili. Nilikula nikilia, na kweli chumvi haikukolea, lakini sijawahi kula chakula kitamu vile, wala sidhani kama nitakula tena. Nilimshukuru Mungu kwa mvua, kwa jembe, kwa wazazi walioibeba mila ile hata wakaigeuzageuza njiani, na kwa lile baraza la duka. Tulikula mpaka sufuria ikang'aa. Baadaye karani akavua tai akaicheza ngoma ya Uganda, nami nikawaonyesha jinsi ya kulala chini kutengeneza herufi, na Bibi akasema nchi zote tulizotoka zina wazimu.

Juu ya Tabora hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Furushi lilikuwa bado nyuma ya mlango. Kila asubuhi nilipofagia nililiona, nikafagia haraka nikatoka.

Wiki iliyofuata lori likapiga honi. Dereva akashuka, mtu mchangamfu, akasalimia, akauliza mzigo uko wapi apakie. Nilikuwa jikoni. Nikasogea mlangoni.

Bibi akatoka chumbani. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, limejaa maharage ya yale maganda yaliyotangulia kukauka, amelifunga kitambaa juu na kukishona kwa uzi ili lisimwagike njiani.

“Wapelekee ndugu zangu,” akamwambia dereva. “Yametoka shambani kwangu.”

“Na wewe mwenyewe, Bibi? Wanakungoja.”

“Waambie wasiningoje. Wapike, waonje, wasiogope mwiko.” Akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. “Waambie wangu wameshakula.”